Afadhali Pombe

Ti. Kimya kidogo. Tik.

Kimotho alifungua macho gizani bila kugeuka. Sauti hiyo ilitoka sebuleni, upande wa pili wa ukuta wa mbao, na aliijua vizuri. Ti ya kwanza ni kidole kugusa kitufe. Tik ya pili ni kompyuta kukubali kwamba kweli mtu amekusudia kuandika. Kati ya hizo mbili kulikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi moja, na nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa imeshikilia kazi ya mkewe kwa miezi minane.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Merigi ilikuwa imeingia mpaka ndani ya blanketi. Kimotho alijifunga shuka kiunoni akaenda mlangoni. Wacera alikuwa ameketi mbele ya laptopu yao kuukuu, mwanga wake ukimpiga usoni, mkono wa kulia juu ya vitufe na wa kushoto umeushikilia huo wa kulia kwenye kifundo, kama mtu aliyemshika kuku asiruke.

"Stima imepotea tena?" Kimotho aliuliza.

"Tangu nimeamka. Natumia chaji ya jana."

"Si ungelala kidogo, Mama Lynn."

"Asubuhi huu mkono unakuwa kama ubao. Wacha niulainishe kwanza. Nikifika kule ukiwa hivi watauona."

Ti. Tik.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina, Parkinson, na jina hilo lilijulikana na watu watatu tu wa nyumba ile: Kimotho, Wacera, na binti yao Lynn, wa miaka saba, aliyelitamka kama jina la mwalimu mgeni. Nje ya mlango, ukiacha hospitali, hakuna aliyeambiwa. Aliyewaonyesha namna ya kuishi nao kazini alikuwa Lenah, dada mmoja mcheshi wa tiba ya viungo pale hospitali ya Longisa. Wacera alienda kwake akitarajia kuambiwa anunue mashine fulani ya ng'ambo. Lenah akacheka, akavuta kiti. "Hununui kitu, mum. Iko ndani ya kompyuta yako tangu siku ilipotengenezwa. Watu hawaijui tu." Akabonyeza hapa na pale, na kuanzia hapo kibodi ikaacha kuamini kila mguso. Kidole kikitetemeka juu ya kitufe, hakuna herufi. Mkono ukigonga mara tatu, inaandikika moja. Mpaka ubonyeze, ushikilie kidogo, ndipo kompyuta inakubali. Hata kile kishale cha kwenye skrini kikapunguzwa mbio, kikaacha kurukaruka kama panzi.

Wacera akaenda akafanya vivyo hivyo kwenye kompyuta ya ofisi, katika shule ya sekondari alikokuwa katibu kwa miaka kumi na minne. Ila kulikuwa na jambo moja. Kwa mtu mwenye vidole vizima, kompyuta iliyowekwa hivyo huonekana imekufa. Unagonga upesi kama kawaida, na hakuna kinachotokea. Kwa hiyo kila siku saa kumi na dakika kumi, kabla ya kufunga ofisi, aliizima ile setingi. Kila asubuhi akafika wa kwanza, akaiwasha.

Sebuleni, sauti ilikatika katikati. Ti, halafu hakuna tik.

"Nini?" Kimotho akauliza.

Wacera alikuwa ameondoa mkono kwenye kibodi. Mkono ule, ulipoachiliwa, ulianza kucheza peke yake juu ya paja.

"Jana mvua ilinyesha," alisema. "Nikakimbia kumchukua Lynn." Aligeuka kumtazama. "Baba Lynn, jana sikuizima."

*

Alipofika shuleni saa kumi na mbili na nusu, mlango wa ofisi ulikuwa wazi na taa inawaka; kule stima haikuwa imepotea.

Vinny, fundi wa kompyuta kutoka sokoni, alikuwa kwenye kiti chake, koti mgongoni na flashi mdomoni kama kijiti cha meno. Nyuma yake alisimama naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Omariba, amekunja mikono.

"Mama Lynn, karibu," Omariba alisema. "Hii mashine yako jana ilinilaza njaa. Nimekuja kuchapa mtihani wa Fomu ya Nne, nagonga, nagonga, haitoi kitu. Nikafikiri labda inataka kuombewa."

"Ilikuwa na virusi?" Wacera aliuliza, kwa sababu alihitaji kusema kitu.

"Virusi gani, madam," Vinny alisema akitoa flashi mdomoni. "Kuna mtu alichezea setingi. Nimeifuta yote nikaanza upya. Faili zenu ziko salama. Na ile njia ya mkato ya kushikilia kitufe cha Shift nimeifunga, ndiyo huleta hii shida. Sasa hakuna mtu atabadilisha kitu bila nywila yangu."

"Asante," Wacera alisema.

"Sasa inakimbia kama gari jipya. Jaribu."

"Nitajaribu baadaye. Wacha nipate chai kwanza."

Lakini chai haikupatikana. Mwalimu mkuu, Madam Chepyegon, aliingia na karatasi mkononi. Mabweni yalikuwa yamekosa maji siku mbili, na barua ilipaswa kuwafikia wazazi kabla wanafunzi wenyewe hawajawapigia simu. "Andika nikikutajia, Mama Lynn. Ni fupi. Kwa wazazi wote."

Vinny akainuka, kiti kikiwa bado na joto lake. Wacera akaketi. Walimu wawili waliokuja kuchukua chaki walikuwa wamesimama mlangoni, wakisikiliza habari ya maji. Alibana kiwiko kwenye ubavu, akashikilia kifundo kwa mkono wa kushoto chini ya meza ambako hakuna ambaye angeona, akaona haiwezekani kuandika hivyo, akauachilia. Dawa ya asubuhi ilikuwa haijashika. Aliandika.

Kwenye skrini kukatokea: *Kwwwa wazzzzazi woottte.*

Akafuta. Alipofuta, kitufe cha kufuta nacho kikarudia, kikala mpaka anwani ya shule iliyokuwa juu.

Omariba aliinama akasoma. "Sasa hawa ni wazazi ama ni nyuki?"

Mlangoni wakacheka. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Ni kile cha asubuhi cha watu wanaosubiri chai. Wacera naye alijaribu kucheka, lakini uso wake siku hizi ulichelewa kutii, na kicheko kilipofika wenzake walikuwa wamekwisha nyamaza.

"Ni baridi," alisema. "Vidole vimeganda."

Madam Chepyegon hakucheka hata kidogo. Alikuwa akiutazama mkono ule wa kulia, jinsi kidole gumba na cha shahada vilivyokuwa vikisuguana vyenyewe, kama mtu anayehesabu mbegu.

"Mwalimu Omariba, wewe andika barua," alisema. "Mama Lynn, kuja ofisini kwangu."

*

Madam Chepyegon alifunga mlango. Alimimina chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, akaisukuma mbele ya Wacera, na Wacera hakuigusa kwa sababu kikombe kilikuwa kimejaa.

"Tumefanya kazi pamoja miaka mingapi?"

"Sita, Madam."

"Basi sitazunguka. Ni lini ulianza kunywa?"

Wacera alimtazama.

"Usiniangalie hivyo. Mimi nimelelewa na kaka mlevi. Najua. Unatembea ukivuta mguu. Ukizungumza ni kama sauti imekaa kooni. Asubuhi unatetemeka, ikifika saa nne umetulia, jioni tena unatetemeka. Huyo ni mtu anayepata kidogo katikati. Unaenda choo cha wafanyakazi saa tatu na nusu kila siku na mkoba wako. Watu wanaona, Mama Lynn. Hawasemi tu."

Saa tatu na nusu ilikuwa saa ya kidonge cha pili.

Wacera alifungua mdomo aseme. Ukweli ulikuwa pale, karibu kabisa. Lakini Madam Chepyegon alikuwa bado anazungumza, na alizungumza kwa upole, ndiyo maana iliogofya.

"Na nikuambie kitu. Afadhali ni pombe. Pombe ina njia. Unakiri, unaandika barua ya kujirekebisha, unakaa miezi mitatu tukikuangalia, maisha yanaendelea. Bodi wamefanya hivyo kwa walimu wawili. Lakini kama ni ugonjwa wa mwili, hapo mimi sina nguvu. Unamkumbuka Kipchoge wa stoo? Macho yake yalipoanza kupotea, alikuja mwenyewe kwa uaminifu akawaambia bodi. Walimpa nini?"

Wacera alikumbuka. Blanketi, saa ya ukutani, na wimbo wa wanafunzi. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Jumatatu kadi yake ya bima ya hospitali ikakataa.

Kadi ile. Hata yeye dawa zake zilitoka kwa kadi hiyohiyo ya shule, na bila dawa, Lenah alikuwa amemweleza bila kuficha, hata kijiko kingekuwa safari.

"Sasa niambie," Madam Chepyegon alisema. "Ni pombe?"

Nje, msichana mmoja alipita akiburuta ndoo. Wacera aliusikia mlio wake ukienda mpaka ukaisha.

Hakusema ndiyo. Aliinamisha kichwa tu.

Madam Chepyegon alishusha pumzi, na akafanya jambo ambalo Wacera hakulitarajia: alimshika ule mkono unaotetemeka akaukunja ndani ya mikono yake. "Nilijua. Asante kwa kutonidanganya," alisema. "Jumamosi nitakuja kwako na Mama Njuguna wa kanisa. Utasema mbele yetu, utatia sahihi, na kwa bodi nitakusimamia mimi."

*

"Umekubali nini?" Kimotho aliuliza.

Walikuwa jikoni jioni ile, mlango umefungwa. Lynn alikuwa sebuleni na kazi yake ya shule.

"Sikusema. Niliinama tu."

"Kuinama ni kusema." Kimotho aliketi juu ya gunia la chakula cha ng'ombe alilolileta kutoka dukani. Alianza kucheka. "Wewe. Wewe uliyekataa hata divai ya harusi ya dada yangu."

"Usipaze sauti."

"Nina duka sokoni, Wacera. Baba yangu alikuja hapa hana kitu, na alichotuachia ni jina. Sisi Wakikuyu wa hapa tumekaa kwa adabu, tusitajwe vibaya. Sasa watasema mke wa Kimotho ni mlevi."

"Na wakisema mke wa Kimotho ana ugonjwa wa kutetemeka, utafurahi? Watasema amelogwa. Watasema unaambukiza, wasinunue kwako. Angalau mlevi anaweza kuacha."

"Na wewe utaacha nini?"

Wacera alitoa simu akampigia Lenah, akaiweka juu ya ndoo ili asiishikilie.

"Mum, hapana," Lenah alisema Wacera alipomaliza kueleza. "Mimi nakuja hapo Jumatatu na laptopu yangu. Nawakalisha bodi wote, nawaonyesha ukiandika ile setingi ikiwa imezimwa, halafu nawaonyesha ikiwashwa. Dakika kumi. Wewe bado unaweza kufanya kazi miaka mingi. Na sheria ya watu wenye ulemavu ipo."

"Sheria haikai kwenye bodi yetu, Lenah."

"Lakini ukishatia sahihi kwamba ni pombe, hakuna barua yangu itasaidia tena. Unaelewa? Na miezi mitatu ikiisha bado unatetemeka, watasema hukuacha. Wataandika umefutwa kwa ulevi."

Wacera alielewa. Alikuwa amelifikiria hilo tangu mchana. Lakini miezi mitatu ni miezi mitatu ya dawa, na hofu ilimfundisha kuhesabu karibu, si mbali. Alimshukuru Lenah akakata simu.

Ijumaa jioni mume na mke walikaa kitandani kufanya mazoezi, kama watoto wanaojiandaa kwa mtihani ambao hawakufundishwa.

"Watauliza ulikuwa unanunua wapi," Kimotho alisema.

"Supamaketi."

"Hapa Merigi? Mlevi wa siri anunue supamaketi, msichana wa kaunta amuite auntie?"

"Basi Kericho. Nikienda kuchukua vitabu."

"Unaenda Kericho mara moja kwa muhula. Ulikuwa unaihifadhi kama mahindi?"

Walicheka kidogo, bila kutaka. "Basi niseme chang'aa."

"Ukisema chang'aa watauliza inapikwa na nani, na ukitaja mtu, chifu atamvamia mama wa watu asiye na kosa. Usitaje mtu." Kimotho alifikiri. "Sema konyagi. Ile chupa ndogo. Sema ulikuwa unatuma mtu akununulie."

"Inanukaje?"

"Kama spiriti ya hospitali."

"Na ukinywa, unasikiaje?"

Kimotho, aliyewahi kunywa ujanani na kuacha, alitafuta jibu la kweli. "Unasikia kama hakuna kitu kinakuogopesha," alisema.

Wacera alizima taa.

*

Jumamosi wageni walikuja saa nane. Madam Chepyegon alivaa gauni la kijani na kubeba folda. Mama Njuguna, kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu shambani, aliketi kwenye kochi kubwa nalo likalalamika. Walisalimiana kwa Kikuyu yeye na Kimotho, kisha wakarudi kwa Kiswahili kwa heshima ya Madam.

Kimotho alimimina chai. Hilo peke yake lilikuwa kama kukiri. Mama Njuguna aliutazama mkono wa mwanamume kwenye birika, akamtazama Wacera aliyekalia mikono yake, akatikisa kichwa polepole.

Ndani ya koti, mfuko wa kushoto, Kimotho alikuwa na bahasha. Asubuhi ile alikuwa amefunga duka akaenda Longisa bila kumwambia mkewe, na Lenah akaandika ukurasa mzima kuhusu ugonjwa akaupiga muhuri. Alikuwa ameazimia kuitoa watu wakishaketi. Waliketi, akamimina chai. Wakaomba, akasema amina. Bahasha ilibaki palepale. Alikuwa amegundua kwamba anaogopa kama mkewe, tena pengine zaidi, kwa sababu yeye angeitoa, na yeye ndiye angekuwa ameipoteza ile kadi.

"Haya, binti yangu," Mama Njuguna alisema. "Hapa hakuna mahakama. Tuambie. Ilianza lini?"

"Mwaka jana."

"Ni kinywaji gani?"

"Konyagi."

"Ulikuwa unaichanganya na nini?"

Hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Wacera alimtazama Kimotho. Kimotho alitazama birika.

"Na maziwa," Wacera alisema.

Mama Njuguna aliweka kikombe chini. "Maziwa," alirudia. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyekunywa miaka tisa, na hakuwahi kusikia jambo kama hilo. Kuna kitu kilipita usoni mwake, shaka kidogo, kisha akakifuta. Watu husema mengi wakiona aibu. Madam Chepyegon alikuwa amekwisha fungua folda. Karatasi ilikuwa moja, imechapwa vizuri, na Wacera akaona kwa jicho la kazi kwamba Omariba alikuwa amesahau nukta mwishoni mwa mstari wa tatu.

"Utasoma, utatia sahihi hapa. Hata ikitoka mbaya haidhuru," Madam alisema.

Alichukua kalamu. Sahihi yake siku hizi ilitoka ndogo, herufi zikizidi kudidimia kila moja nyuma ya mwenzake, mpaka ya mwisho haionekani. Aliisogeza kalamu kwenye karatasi, na ncha ikaanza kugonga meza.

"Ngoja," Mama Njuguna alisema. "Si hivyo. Kwetu kanisani mtu hatii sahihi kabla hajaomba msamaha kwa wa nyumbani. Mume amekwisha kusamehe, namwona. Lakini hawa wadogo ndio huumia zaidi na hakuna anayewauliza. Mwiteni mtoto."

"Mtoto hana haja ya kusikia haya," Kimotho alisema upesi.

"Kwani yeye haishi hapa?"

Lynn aliitwa. Alikuja kutoka nje, magoti yana udongo, akasalimia kila mgeni kwa mkono kama alivyofundishwa, kisha akasimama katikati ya zulia asijue amekosea nini. Wacera alishuka kutoka kwenye kiti akapiga magoti mbele yake, ili macho yao yawe sawa, na kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili kujishikilia, mkono wa kulia ukabaki wazi mbele ya watu wote, ukicheza.

Lynn akaushika, bila kufikiri, kama alivyoushika kila siku. Kidole gumba chake kikatulia juu ya kile cha mama.

"Lynn," Wacera alisema. Sauti ilitoka ndogo, na ilimbidi aanze tena. "Lynn, mama amefanya kosa. Mama amekuwa... mama amekuwa akinywa pombe. Ndiyo maana natetemeka. Naomba unisamehe."

Mtoto alimtazama mama yake usoni, kwa makini, kama anayetafuta mahali mchezo ulipo. Hakupaona. Akageuka kumtazama baba, na baba alikuwa ametia mkono ndani ya koti, umekwama hapo. Akamtazama Madam mwenye folda, na yule mama mkubwa aliyeinama mbele kusikia msamaha.

Wacera aliubana ule mkono mdogo, akimsihi kwa njia pekee iliyobaki.

Lynn hakuelewa kwamba anasihiwa. Alielewa tu kwamba watu wazima wamekosea, na kwamba hakuna mwingine wa kuwaambia.

"Mama hanywi pombe," alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka uani. "Mama ni mgonjwa."